Kuzalisha kamba cheri nyumbani: mwongozo kamili kwa ambao kamba wao hufa kabla hawajazaa

"Kamba wangu wamekufa wote, hata wiki mbili hazijaisha." Ujumbe huu naupata kila mara, maneno yakibadilika kidogo tu. Mmoja alinunua kumi, akabaki na mmoja. Mwingine alimwona jike amebeba mayai, kesho yake mayai hayapo. Mwingine tangi lake zuri, kamba wazima, lakini miezi sita sasa hajaona mtoto hata mmoja.

Nimewauliza wote maswali yaleyale, na majibu huangukia sehemu tatu: tangi lilikuwa bado bichi, dawa ya wadudu iliingia majini, au mkono wa mwenye tangi haukutulia. Kuzaa kwenyewe si tatizo. Kamba hawa huzaa bila kubembelezwa, mradi maji yao yamekomaa na hayabadilikibadiliki. Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu inaisha kabla kamba hajaingia majini. Usiiruke nusu hiyo.

## Kwanza hakikisha una kamba anayefaa

Mwongozo huu ni wa kamba cheri, ambaye kitaalamu huitwa Neocaridina davidi. Asili yake ni China na Taiwan. Yule wa porini ana rangi ya kahawia iliyofifia. Wekundu, manjano, bluu na weusi unaowaona madukani wametokana na wafugaji kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Mkubwa hufika sentimita 3 hivi, na huishi mwaka mmoja hadi miwili.

Namng'ang'ania huyu kwa sababu moja: mtoto wake hutoka kwenye yai akiwa kamba kamili, mwenye urefu wa milimita 2. Wengine si hivyo. Kamba wa Amano, mwenye mwili unaopenyeza mwanga na vidoti ubavuni, hubeba mayai vizuri tu kwenye maji baridi, lakini viluwiluwi vyake lazima vikulie kwenye maji ya chumvi. Ukimfuga kwa kutaka watoto utasubiri bure. Na wale kamba wa mtoni wenye makoleo marefu, wengi wao nao huhitaji maji ya chumvichumvi wakiwa wachanga, halafu wakubwa wao huwala hao cheri wako. Usiende Ruvu wala Rufiji na wavu.

## Vifaa: kusanya vyote kabla ya kuanza

- Tangi la kioo la lita 40 au zaidi. Sentimita 45 kwa 30 kwa 30 zinakupa lita 40. Fundi vioo wa mtaani anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 5. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha likauke wiki nzima kabla ya kutia maji.
- Mfuniko wa kioo au wavu mgumu wa plastiki.
- Chujio la sponji na pampu ya hewa. Chujio la mota linafaa samaki. Hapa litanyonya watoto wote.
- Pampu ya hewa ya akiba inayotumia betri, kwa ajili ya umeme unapokatika.
- Mchanga wa mtoni au changarawe laini, iliyooshwa hadi maji yatoke meupe. Mchanga wa baharini haufai.
- Mosi ya Java, ule mmea wa nyuzinyuzi za kijani usio na mizizi, kiasi cha ngumi mbili.
- Majani makavu ya mti wa mkungu, manne au matano.
- Kipande cha mfupa mweupe wa dome, yule mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, kama ile inayookotwa ufukweni.
- Vipimo vya maji vya matone: amonia, nitriti, nitrati, pH (kipimo cha uasidi wa maji), na ugumu wa maji wa aina mbili, GH na KH.
- Mita ya TDS, inayoonyesha kiasi cha madini yaliyoyeyuka. Ni kifaa kidogo kama kalamu, na ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu mwezi huu, nunua hiki.
- Kipimajoto na feni ndogo.
- Dawa ya kuondoa klorini.
- Ndoo mbili mpya ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, na hazitaguswa kamwe.
- Mpira mwembamba wa hewa, mita 2, na kikoki chake.
- Tochi.

Bakuli la samaki na chupa ya lita 5 viache. Maji machache hupata joto haraka, huchafuka haraka, na hayakupi nafasi ya kusahihisha kosa.

Kuhusu mkungu: wafugaji wa ng'ambo hununua majani haya kwa fedha, yakiwa yamefungwa kwenye pakiti. Sisi wa Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, yanatuangukia barabarani. Okota yaliyokauka yenyewe na kuwa ya kahawia, mbali na moshi wa magari, yaoshe, uyaloweke siku moja. Jani bichi la kijani usiweke. Kazi ya jani hili utaiona hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Chagua mahali, na uizuie dawa ya mbu

Tangi la lita 40 likijaa, pamoja na mchanga na kioo, huzidi kilo 50. Liweke juu ya meza imara isiyotikisika, mbali na jiko, na mahali ambapo jua haliligusi moja kwa moja.

Sasa suala ambalo limeua kamba wengi kuliko maradhi yote: dawa ya wadudu.

Dawa nyingi za mbu tunazotumia nyumbani, iwe ya kupuliza, ya udi au ya kuchomeka kwenye soketi, zimetengenezwa kwa kuiga kiini cha ua la pareto. Binadamu hazimsumbui sana, lakini mdudu humwangusha palepale. Na kamba kimaumbile ni ndugu wa karibu wa mdudu. Kiasi ambacho huwezi kukinusa kinatosha kumaliza tangi zima. Kumbuka pia kwamba pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini usiku kucha, kwa hiyo kupuliza chumbani ni sawa na kupuliza ndani ya tangi.

Chandarua chenye dawa ni hatari hiyohiyo, na hapo nazungumza kwa uchungu. Nilikata kipande cha chandarua cha zamani, kilichofuliwa mara nyingi, nikakivika kwenye chujio ili watoto wasinyonywe. Ilikuwa jioni. Asubuhi nilikuta kamba zaidi ya arobaini wakizunguka kama waliopotewa na akili, wengine wamelala ubavu wakirusha miguu. Majike wawili walikuwa bado wameshikilia mayai chini ya mkia. Hadi usiku hakubaki hata mmoja. Nilipima maji mara tatu: amonia 0, nitriti 0. Konokono walikuwa wazima, wanatembea kwenye kioo.

Ishara hiyo ya konokono ikariri. Konokono hawadhuriki kirahisi na dawa za jamii ya pareto, lakini shaba huwaua pamoja na kamba. Kamba wakifa ghafla na konokono wakabaki wazima, tafuta dawa ya wadudu. Wakifa wote, fikiria shaba, kwa mfano dawa ya samaki yenye mrututu ndani yake.

Kwa hiyo:

- Chumba chenye tangi hakipulizwi dawa wala kuchomwa udi. Mbu wazuiwe kwa wavu wa dirishani usio na dawa na kwa feni.
- Nyumba ikija kupulizwa yote, zima na toa pampu ya kawaida, funika tangi kwa nailoni, na uiweke pampu ya betri nje ya chumba, ikivuta hewa safi kwa mpira mrefu.
- Usitie mkono majini ukiwa umepaka mafuta ya kufukuza mbu, losheni au sabuni.
- Mimea mipya ya majini iloweke kwenye ndoo wiki moja hadi mbili, ukibadilisha maji kila siku. Mingi hutiwa dawa kabla ya kusafirishwa.

## Hatua ya 2: Pata maji yanayofaa

Haya ndiyo unayoyatafuta:

- Joto: nyuzi 22 hadi 26
- pH: 6.8 hadi 7.8
- GH: 6 hadi 10
- KH: 2 hadi 6
- TDS: 180 hadi 280
- Amonia na nitriti: 0
- Nitrati: chini ya 20

Usiyaone magumu. Kati ya hayo yote, kinachomsumbua kamba zaidi ni namba kupanda na kushuka. Tangi lenye TDS ya 300 isiyobadilika litakupa watoto. Lenye 200 leo na 320 Jumapili halitakupa.

Maji ya bomba. Mara nyingi yanafaa ila yana klorini. Kuyaweka kwenye ndoo wazi siku moja au mbili huondoa klorini ya kawaida, lakini si kloramini, ambayo hudumu majini. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayosema inashughulikia zote mbili. Na yale maji ya kunywa uliyoyatibu nyumbani kwa vidonge vya klorini usiyalete hapa.

Maji ya kisima. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa visima vingi vina chumvi au chokaa nyingi. Pima TDS kabla ya kufikiria lolote. Ikizidi 500, changanya na maji ya mvua hadi ishuke.

Maji ya mvua. Hayana madini, na kamba bila madini hawezi kutengeneza gamba. Yanafaa kwa kupunguza ukali wa maji mengine. Kinga moja kwa moja kutoka angani, si kwenye bati, kwa sababu mabati hutoa zinki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite.

Ukishapata mchanganyiko unaokufaa, uandike: lita ngapi za hiki, lita ngapi za kile, TDS imesoma ngapi. Kila unapobadilisha maji ya tangi miezi yote ijayo, maji mapya yafuate karatasi hiyo.

## Hatua ya 3: Komaza tangi, wiki 4 hadi 6 bila kamba

Hapa ndipo watu huchoka kusubiri, na hapa ndipo kamba wengi hufia.

Mavi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kamba anaivumilia ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria hao. Wanaota taratibu kwenye sponji, mchanga na majani, na wanahitaji chakula kabla ya kamba kufika.

Fanya hivi:

1. Weka mchanga, sentimita 3. Tia maji yaliyoondolewa klorini. Weka sponji, mosi na majani mawili ya mkungu. Washa pampu, isizimwe tena.
2. Kila baada ya siku mbili, tia chembe za chakula cha samaki, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Vikioza vitatoa amonia.
3. Pima kila siku tatu na uandike. Amonia itapanda kwanza. Katika wiki ya pili au ya tatu nitriti nayo itapanda. Kisha zote zitashuka na nitrati itajitokeza.
4. Amonia na nitriti zikisoma 0 mara tatu mfululizo ilhali bado unatia chakula, badilisha nusu ya maji.
5. Subiri wiki mbili nyingine.

Namba 5 ya orodha hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayojibu swali la "mbona sioni watoto?" Mtoto wa kamba hawezi kusafiri kufuata kipande cha chakula upande wa pili wa tangi. Anakula utando laini unaoota juu ya majani, mosi na kioo, pale alipo. Tangi lenye amonia 0 lakini lisilo na utando huweka hai wazazi na kuwaua watoto kwa njaa. Jani la mkungu linavyooza polepole ndivyo linavyofunikwa na utando huo.

Kama una rafiki mwenye tangi zima lisilo na maradhi, mwombe akukamulie sponji yake kwenye maji yako. Muda wa kusubiri bakteria unaweza kupungua hadi wiki mbili au tatu. Utando hauna njia ya mkato.

Utajua limekomaa hivi: pitisha kidole kwenye kioo upande wa ndani, kiteleze. Jani la mkungu liwe na ute unaouona ukiliinua. Usiku, ukimulika tochi, utaona vidoti vyeupe vikirukaruka majini. Hivyo ni viumbe wasio na madhara, na kuwepo kwao kunaonyesha kwamba tangi limeanza kujitegemea.

## Hatua ya 4: Nunua kwa macho

Chukua 12 hadi 15 wa rangi moja. Ukichanganya wekundu na bluu watapandana, na baada ya vizazi vichache utapata kahawia wa porini.

Chagua vijana wa sentimita 1.5, usichague majike makubwa yenye mayai. Najua jike mwenye mayai anavutia, lakini safari humfanya ayatupe mayai, na huenda umri wake umeshakwenda. Angalia tangi la muuzaji: ukiona wakubwa, vijana na wachanga pamoja, hao wamezaliwa hapo na wameshazoea maji ya nchi hii. Wakiwa wote saizi moja na wameingia juzi kutoka nje, mwombe akuhifadhie, urudi baada ya wiki mbili kuona waliobaki. Mwombe pia upime TDS ya maji yake ukiwa palepale.

## Hatua ya 5: Wazoeshe kwa matone

Tofauti ya madini kati ya maji ya muuzaji na yako humlazimisha kamba kujivua gamba kabla ya wakati, na wengi hufia hapo. Ndiyo maana kuelea kwa mfuko dakika 15, kama wafanyavyo wenye samaki, hakutoshi.

Wamimine pamoja na maji yao kwenye chombo kisafi kilicho chini ya usawa wa tangi. Vuta maji ya tangi kwa mpira mwembamba, kaza kikoki hadi yadondoke matone mawili au matatu kwa sekunde. Maji ya chombo yakifika mara tatu ya mwanzo, baada ya saa mbili hivi, hamisha kamba kwa wavu mdogo. Maji ya muuzaji yamwage.

Mafanikio: kabla ya kesho yake utawaona wametulia juu ya mosi, mikono ya mbele ikichota na kutia mdomoni bila kukoma. Mmoja au wawili kufa ndani ya siku mbili hutokea hata kwa mzoefu. Wakiwa wote wanaogelea juu kwa kasi na hawatui, pima amonia na TDS mara moja.

## Hatua ya 6: Mwezi wa kwanza, mikono nje

Usibadilishe maji wiki mbili za kwanza, ila amonia au nitriti ikionekana. Usipange upya mimea. Usimfukuze kamba ili umwone vizuri.

Walishe mara mbili kwa wiki tu. Kipande cha tango kilichochemshwa dakika mbili, au jani la mlonge au la mforosadi lililokaushwa. Kilichobaki baada ya saa tatu kitoe, isipokuwa majani makavu. Mboga za sokoni, hasa mchicha, hupuliziwa dawa shambani, na kuosha hakutoshi. Tumia uliyoipanda mwenyewe au uache kabisa.

Utakuta gamba tupu limelala mchangani, jeupe, linapenyeza mwanga, limepasuka shingoni. Huyo hajafa, amekua. Aliyekufa huwa mzito na wa rangi ya waridi iliyopauka kama aliyechemshwa. Maiti itoe, gamba liache. Watalila na kurudisha madini mwilini. Mfupa wa dome, ukiwa umeoshwa na kulowekwa siku kadhaa kutoa chumvi, unaongeza chokaa taratibu. Ukiona TDS inapanda, utoe.

Tahadhari kubwa ya hatua hii ni mstari mweupe unaomzunguka kamba kati ya kichwa na mgongo, kama aliyefungwa uzi. Gamba limekatika vibaya na hawezi kutoka; mara nyingi hufa. Chanzo huwa maji yaliyobadilishwa mengi kwa mkupuo, au GH iliyo chini sana au juu sana. Huwezi kumsaidia huyo, ila rekebisha kwa ajili ya waliobaki.

## Hatua ya 7: Kumjua jike, tandiko na mayai

Wakifika miezi mitatu hivi tofauti huonekana. Jike ni mkubwa zaidi, rangi yake nzito, na tumbo lake la chini limeshuka kama nusu ya mwezi. Dume ni mwembamba, amenyooka, rangi imefifia.

Nyuma ya kichwa cha jike, juu mgongoni, utaona doa la manjano au kijani lililokaa kama tandiko juu ya punda. Hayo ni mayai bado yako ndani. Akijivua gamba, harufu yake huenea majini na madume huanza kukimbia huku na huko. Wengi hudhani ni sumu. Tofauti ni hii: wakati wa kupandana jike hujificha, mbio huisha ndani ya saa chache, na hakuna anayelala ubavu.

Baada ya hapo mayai huhamia chini ya mkia, kwa kawaida 20 hadi 30. Chukua tochi usiku, kaa chini usogeze jicho kwenye kioo. Utamwona akiyapepea kwa vile vijiguu vya kuogelea, anatua, anachagua yai moja na kuligeuza, anaendelea kupepea. Anayapa hewa na kuyasafisha. Mwache. Ukimhamishia kwenye kisanduku peke yake atayatupa.

Kwenye nyuzi 26 mayai huchukua kama wiki 3. Kwenye nyuzi 22 yanaweza kwenda wiki 4 hadi 5. Yakikaribia, rangi huwa ya kahawia na kila yai huonyesha vidoti viwili vyeusi. Hayo ni macho.

Jike wa mara ya kwanza akitupa mayai, usishtuke. Akiyatupa mara tatu, tazama joto.

## Hatua ya 8: Watoto

Siku moja jike atakuwa mtupu. Hutaona kitu. Watoto ni milimita 2, mwili kama kioo, na siku za mwanzo hujificha ndani ya mosi. Ngoja wiki, kisha mulika chini ya jani la mkungu usiku.

Mwezi huo usinyonye uchafu wa mchangani. Tia unga wa mlonge, ncha ya kijiti cha meno tu, mara mbili kwa wiki. Ukitia mwingi maji yatachafuka na ukungu mweupe utatanda.

Samaki wasiwepo. Hata gapi mdogo, anayeonekana mpole, hula watoto wa kamba mchana kutwa, na mwenye tangi hubaki akijiuliza kwa nini majike wanabeba mayai lakini kundi haliongezeki.

## Maji, joto na umeme

Kila wiki toa asilimia 10, yaani lita 4, urudishe maji yenye TDS na joto lilelile, kwa matone au kwa kumimina polepole sana. Maji yaliyopungua kwa mvuke yajaze kwa maji ya mvua au yaliyoondolewa madini, kwa sababu mvuke huondoka na maji na kuacha madini. Ukijaza ya bomba kila mara, TDS hupanda bila wewe kujua. Sponji ikamue kwenye maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba; klorini itawaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima.

Msimu wa kaskazi, maji ya tangi Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 30 na kuzidi. Kamba huacha kuzaa kwanza, kisha huanza kufa, kwa sababu maji ya moto hushika hewa kidogo. Feni ndogo ikipuliza juu ya uso wa maji, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo, hushusha nyuzi 2 hadi 3. Ongeza jiwe la hewa, lile linalofungwa mwishoni mwa mpira wa pampu na kutoa mapovu. Usitumbukize barafu: kushuka kwa ghafla ni kubaya kuliko joto lenyewe. Walioko Nairobi, Arusha au Mbeya shida yao ni kipupwe. Chini ya nyuzi 20 kamba hukaa wazima lakini uzazi hupungua sana au husimama hadi joto lirudi.

Umeme ukikatika, washa pampu ya betri ndani ya saa moja au mbili. Usiwalishe hadi urudi.

## Wavamizi

Mimea huleta mtoto wa kereng'ende, mdudu wa miguu sita anayekaa kimya na kudaka kamba mmoja mmoja. Kundi likipungua bila maiti kuonekana, mtafute kwa tochi usiku na umtoe kwa mkono. Minyoo bapa yenye kichwa cha pembetatu hula wachanga na huongezeka chakula kikizidi. Punguza chakula, nyonya unaowaona kwa mpira. Konokono wadogo waache.

## Kuvuna

Mambo yakienda sawa, mwezi wa sita kundi la 15 laweza kuzidi mia. Lita 40 zinawatosha, ila nitrati itaanza kupanda. Huo ndio wakati wa kupunguza. Tumbukiza kipande cha tango jioni, subiri wajazane, inua kwa wavu mpana. Wenye rangi hafifu wahamishie tangi jingine, wenye rangi nzito wabaki wazae. Wa kuuza au kugawa wafunge kwenye maji yao wenyewe pamoja na kipande cha mosi cha kushikilia, robo maji, robo tatu hewa, na uandike TDS juu ya mfuko.

Waliozidi usiwamwage mtoni, ziwani wala kwenye mtaro. Kamba cheri wameshaota porini Ujerumani na Poland baada ya kuachiliwa na wafugaji, na sisi tuna kamba wetu wadogo wa asili: wale wa Ziwa Victoria wanaovuliwa pamoja na dagaa, na wa Ziwa Tanganyika ambao baadhi hawapatikani popote pengine duniani. Maji unayoyatoa tangini nayo yamwagie kwenye bustani, kwa maana huenda yamebeba mtoto wa milimita mbili usiyemwona.